Kazi Tumegawana, Maamuzi Bado

Tangu Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ianze kutumika, kila nyumba ya kulelea watoto nchini Kenya inaishi ikihesabu miaka. Mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi, uliozinduliwa mwaka huohuo na kupewa muda hadi 2032, unataka watoto watoke kwenye taasisi waishi katika familia: kwa shangazi na nyanya zao, kwa walezi wa muda, kwa wanaowaasili, au kwa njia ya kafala, yaani malezi kwa taratibu za Kiislamu, kwa familia za Kiislamu. Ni mwelekeo mzuri na ninauunga mkono. Mtoto anahitaji mtu wa kumwita mama au baba, hata akilishwa na kuvishwa vizuri namna gani kwingineko.

Ila mimi ni mkazi wa Huruma, huku Eastlands, mashariki mwa Nairobi, na nikiusoma mkakati huo mawazo yangu yanakwenda kwenye nyumba moja. Wamisionari wa Upendo, ambao hapa mtaani kila mtu anawaita Masista wa Mama Teresa, wana makao kwetu. Ndani wanalelewa watoto wenye ulemavu wa viungo na wa akili, watoto waliotupwa, na wanawake wasio na kwao. Siku mtoto asiyeweza kujigeuza kitandani atakapotafutiwa familia, familia hiyo itatoka wapi? Haitatoka mitaa ya matajiri, Karen wala Runda. Itatoka huku kwetu, Ngei, Madoya au Kiamaiko, katika chumba kimoja kwenye ghorofa ya tano ya jengo lisilo na lifti, ambako maji hupandishwa kwa mtungi. Sista mwenye sari nyeupe yenye milia mitatu ya buluu hataweza kuhamia humo. Atakayekuwa humo usiku mtoto akipatwa na kifafa ni muumini wa kawaida, mwenye ndoa yake, watoto wake na kodi yake ya nyumba.

Kwa hiyo utume wa masista unakaribia kutoka nje ya lango, tupende tusipende. Ndiyo maana nataka kusema hadharani jambo ambalo walei wengi wa Eastlands tumelisema kwa miaka kwenye veranda za makanisa baada ya misa. Kazi ya watawa tumegawana nao muda mrefu. Maamuzi hatujagawana.

Nianze na kazi, kwa sababu asiyeishi huku anaweza kudhani mlei ni mtu wa kuleta unga na sabuni Krismasi ikikaribia. Maaskofu wa Afrika Mashariki, chini ya umoja wao wa AMECEA, waliamua katika miaka ya 1973 na 1976 kwamba Kanisa la eneo hili lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Nairobi ya mashariki ilichukua uamuzi huo kwa dhati. Jumuiya ya kwetu hukutana nyumbani kwa mwanajumuiya mmoja baada ya mwingine, wengine kitandani, wengine kwenye stuli, wengine mlangoni kwa sababu ndani pamejaa. Injili ya Jumapili ikishasomwa na kutafakariwa, huja mambo ya mtaa: nani amelazwa hospitali ya Kenyatta, nani amefungiwa mlango na mwenye nyumba, nani amefiwa na mchango wa kusafirisha maiti umefika wapi. Mwenyekiti anaandika kwenye daftari. Zamu ya kwenda kwa masista kufua, kulisha watoto na kuosha wagonjwa hupangwa hapohapo, katikati ya mambo hayo mengine, na hakuna anayeona kuwa ni jambo la pekee.

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ilipoangusha jengo la ghorofa sita mtaani kwetu na kuua watu zaidi ya 50, waliokuwa wa kwanza kufukua kifusi walikuwa majirani, kwa mikono na sururu, kabla mashine hazijafika. Mtoto mchanga wa kike alitolewa hai baada ya saa karibu 80. Wiki zilizofuata zilikuwa za kazi isiyopigwa picha: kutambua maiti, kulaza waliobaki, kutafuta ndugu wa watoto waliobaki peke yao. Muulize mtu yeyote aliyekuwepo nani aliifanya. Atakutajia kanisa fulani, msikiti fulani, mama fulani wa ghorofa ya pili.

Mapadre wetu hupenda kusema kwamba ushiriki wa walei ni matunda ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Ni kweli kwamba hati ya utume wa walei ilitolewa Novemba 1965, na kwamba mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika kuhusu walei kushirikishwa karama za mashirika ya watawa. Lakini sisi wa Afrika Mashariki hatukuhitaji kungoja hati. Historia yetu inayo mfano wa wazi kuliko hati yoyote, na nashangaa jinsi tunavyousimulia nusunusu.

Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie, walifika Buganda Februari 1879. Novemba 1882, wakiogopa hali ya mambo ikulu kwa Kabaka Mutesa, walifunga virago wote wakavuka ziwa kwenda kusini. Hawakurudi hadi Julai 1885. Kwa karibu miaka mitatu hapakuwa na padre hata mmoja, wala misa. Utume wa shirika hilo ulikuwa mikononi mwa vijana na wazee waliobatizwa juzi, na wengine ambao hawakuwa wamebatizwa bado. Joseph Mukasa Balikuddembe alifundisha watumishi wa ikulu. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, alifundisha nyumbani kwake. Mathias Mulumba Kalemba na mfinyanzi Noa Mawaggali walikusanya watu Mityana. Waliamua wenyewe nani yuko tayari, nani angoje, na mtu akikaribia kufa abatizwe na nani. Mapadre waliporudi walikuta kundi kubwa kuliko waliloliacha.

Kisha yakaja tunayoyajua. Mukasa aliuawa Novemba 1885 kwa kumkemea Kabaka Mwanga, mrithi wa Mutesa, juu ya kuuawa kwa Askofu Hannington wa Kianglikana, na mwaka uliofuata ikawa zamu ya Kaggwa, Mulumba, Mawaggali, na tarehe 3 Juni Karoli Lwanga na wenzake pale Namugongo. Kila mwaka tunapanda mabasi kwenda Namugongo kuheshimu vifo vyao. Vifo vinastahili heshima hiyo. Lakini ile miaka mitatu ya kuongoza, kabla ya kufa, haitajwi kwenye mahubiri niliyoyasikia. Tunawakumbuka kama waliotii hadi kufa, ilhali walikuwa pia viongozi waliofanya maamuzi mazito bila padre wa kumuuliza, na maamuzi yao yakawa sahihi.

Turudi kwa Mama Teresa, kwa sababu kisa chake na walei kina mafunzo mengi kuliko sala zilizochapishwa kwenye kadi zake. Alianzisha shirika lake Kolkata, India, Oktoba 1950, na tangu miaka ya mwanzo alikuwa amezungukwa na walei. Jacqueline de Decker, Mbelgiji aliyetaka kuwa sista akazuiwa na ugonjwa, aliombwa atoe mateso yake kwa ajili ya kazi ya sista mmoja mmoja, na wagonjwa wengine wakafuata njia hiyo. Ann Blaikie, Mwingereza mwenye mume na watoto, alisaidia kuunda chama cha Wafanyakazi Wenza, ambacho Papa Paulo wa Sita alikipokea rasmi mwaka 1969. Kikaenea nchi nyingi. Mwaka 1984, Roma, Padre Sebastian Vazhakala akaanzisha Wamisionari Walei wa Upendo: watu wenye ndoa na wasio na ndoa wanaoweka nadhiri za faragha za usafi wa moyo kulingana na hali yao ya maisha, ufukara na utii, pamoja na ile nadhiri ya nne ya masista, ya kuwahudumia maskini kuliko wote kwa moyo wote na bila malipo.

Mwaka 1993 Mama Teresa aliandika kwamba muundo wa Wafanyakazi Wenza uvunjwe. Ofisi, viongozi wa kitaifa, majarida, akaunti za benki, vyote vikome, na mwenye moyo aendelee kusaidia karibu na nyumba ya masista iliyo jirani naye. Alihofia pesa ya maskini iishie kwenye stempu, nauli na mikutano. Ninaielewa hofu hiyo. Nimeona vikundi vya kanisa ambavyo pesa za mgonjwa ziliishia kwenye sare na basi la ziara. Hata hivyo jambo moja linanisumbua kila nikikisoma kisa hiki. Chama cha maelfu ya walei, kilichojengwa kwa zaidi ya miaka 20, kilifikia mwisho wake kwa barua ya mtu mmoja, na aliyeandika ndiye tuliyemtangaza mtakatifu mwaka 2016. Kama uamuzi wa mtakatifu unaweza kuwaacha walei wakiwa na la kutii tu, je, uamuzi wa mkuu wa kanda wa shirika ambaye si mtakatifu?

Sheria za Kanisa zenyewe zinakubali hali hii. Kanuni ya 303 ya mwaka 1983 inavitambua vyama vya walei wanaoishi roho ya shirika fulani katika malimwengu, ila chini ya uongozi wa juu wa shirika hilohilo. Kwa mambo ya kiroho sioni tatizo. Karama ni ya shirika, nao ndio waliokabidhiwa kuilinda. Tatizo linaanza uongozi huo unapovuka mpaka wa kiroho ukaingia jikoni, kwenye bajeti, na kwenye orodha ya nani atapokewa na nani atafukuzwa, mahali ambapo mlei wa mtaani anajua mengi kuliko sista aliyehamishiwa hapa juzi kutoka bara jingine.

Najua nyumba moja ya watawa hapa jijini, na sitaitaja, ambapo akina mama wa jumuiya walipika uji wa watoto wa mtaani kwa miaka. Walikuja asubuhi moja wakakuta lango limefungwa na tangazo kwamba mradi umesitishwa. Uamuzi ulifanywa na wakuu wa shirika walio nje ya nchi. Huenda ulikuwa na sababu nzuri, ya pesa au ya usalama. Lakini hakuna mama hata mmoja aliyeulizwa, na hao ndio waliokuwa wakijua kila mtoto kwa jina, analala wapi, na nani anamvutisha gundi. Watoto wakaendelea kwenda langoni kwa wiki kadhaa. Akina mama ndio waliokwenda kuwaambia wasirudi.

Anayedhani huku ni kulalamikia vyeo na afikirie Aden. Tarehe 4 Machi 2016 watu wenye silaha waliingia katika nyumba ya wazee ya Masista wa Mama Teresa kule Yemen wakaua watu 16. Wanne walikuwa masista: mmoja Mkenya, wawili Wanyarwanda na mmoja Mhindi. Wengine wote walikuwa watu wa kazi za kila siku, baadhi yao Wahabeshi, pamoja na Wayemeni waliokuwa wakifanya kazi humo. Majina ya masista wanne yalisomwa katika makanisa ya dunia nzima. Ya wale wengine 12 ni wachache mno waliowahi kuyasikia. Walikufa mahali pamoja, asubuhi moja, kwa kazi ileile. Damu haikuuliza nani ana nadhiri na nani ana mkataba wa kibarua, na sisi tuliobaki tunapaswa kuona aibu kwa jinsi tulivyowatenganisha.

Yapo mashirika yaliyofanya vizuri, na haki inanitaka nitaje. Wamisionari wa Maryknoll walipokabiliana na ukimwi mashariki mwa Nairobi mwaka 1993, kupitia mradi wa EDARP ambao Padre Edward Phillips aliuongoza kwa miaka mingi, hapakuwa na dawa ya maana ambayo maskini angeimudu. Serikali ilikuja kutangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa mwaka 1999. Katikati ya miaka hiyo kilichokuwepo ni watu wa parokia waliofunzwa kuwatembelea wagonjwa majumbani: kuwageuza, kuwaosha vidonda, kuwapa dawa za maumivu, kuzungumza na familia iliyomtenga mgonjwa. Mradi ulikuja kuwa mtandao wa zahanati, na dawa za kupunguza makali zilipofika, watu walewale walijua mlango wa kila mgonjwa. Mafunzo yao yalikuwa ya kweli, na neno lao lilisikilizwa kliniki, kwa sababu bila wao daktari hakujua mgonjwa yuko chumba gani.

Jirani zetu wa Kariobangi na Korogocho wana kisa kingine. Padre Alex Zanotelli wa Wakomboni aliishi Korogocho zaidi ya miaka kumi, na watu wengi wa Ulaya wanamjua. Wachache wanamjua Gino Filippini, mlei wa Brescia aliyeishi huko pamoja naye, akafanya kazi na wachambuzi wa taka wa jaa la Dandora kuwasaidia wajipange katika vikundi vya kazi. Alifariki mwaka 2008. Hakuwa padre wala bruda, na hakuna aliyemwona kama msaidizi wa padre. Leo Wamisionari Walei wa Komboni wana jumuiya yao Kitelakapel, Pokot Magharibi. Kwa hiyo njia ipo. Imeshapitiwa. Ugumu ni kwamba mara nyingi mlei anayepewa nafasi ya kweli ni aliyekuja kwa ndege, mwenye digrii na bima ya afya, na yule wa Madoya anabaki kupewa aproni.

Hapa najibu hoja ninayoisikia kila mara: walei wa mtaani ni maskini, wana njaa, ukiwapa usemi kwenye pesa zitaliwa. Pesa huliwa popote pasipo na hesabu za wazi, ziwe za parokia, za kaunti au za chama cha akina mama. Dawa ya wizi ni vitabu vilivyo wazi na watu wengi wanaovitazama. Na kuhusu umaskini, tuseme ukweli wake wote. Mama anayefua nguo za watu Eastleigh kwa malipo ya siku, akija kwa masista Jumanne ametoa mshahara wa Jumanne. Sista akifanya kazi hiyohiyo ana chakula, kitanda, na shirika la kumzika. Nadhiri ya kuhudumia bure ni kitu kitakatifu kwa aliyeiweka akiwa na shirika nyuma yake. Kumtarajia mama huyu aiishi bila shirika, bila hata nauli, kunamwongezea umaskini asiouchagua.

Serikali yenyewe imeliona hili. Septemba 2023 ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, kila mmoja na mkoba wa vifaa na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka kaunti na nusu kutoka serikali kuu. Posho ni ndogo, na mara nyingine huchelewa. Lakini ni kukiri kwamba anayepanda ngazi za ghorofa tano kumtazama mgonjwa anafanya kazi. Kanisa lilianza kuwatumia watu hao hao miaka mingi kabla. Lisiwe la mwisho kuwatambua.

Ninachoomba kwa masista wetu, na ninaomba kwa heshima kwa sababu ninawapenda na najua usiku wangapi wamekesha na watoto wa watu, kinawezekana kabla ya 2032. Mtoto akitafutiwa familia, jumuiya ya mtaa huo ikae mezani wakati wa kuamua, si kuitwa baada ya gari kufika. Familia itakayompokea ifunzwe kwa Kiswahili jinsi ya kumlisha mtoto mwenye shida ya kumeza na jinsi ya kumnyoosha viungo, mafunzo ambayo masista wanayo mikononi mwao na ambayo wakihamishwa yanaondoka nao. Familia hiyo ipate msaada wa kila mwezi kutoka fungu lililokuwa likimhudumia mtoto huyo ndani ya nyumba. Gharama haipotei kwa sababu mtoto amehama. Na iwapo familia ni ya Kiislamu, kama zilivyo nyingi Kiamaiko, msikiti nao uhusishwe, kwa kuwa kafala ni njia halali ya sheria yetu na mtoto hana wakati wa kungoja tuelewane kuhusu mengine.

Kwa maparoko na mabaraza ya walei ya Eastlands: wekeni watu wa jumuiya kwenye kamati zinazoshika bajeti za nyumba hizi, akina mama wawe wengi, na kumbukumbu za vikao zisomwe jumuiyani. Papa Fransisko alikwishaamua mwaka 2022 kwamba hata idara za Vatikano zinaweza kuongozwa na mlei. Kamati ya nyumba ya watoto mtaani haiwezi kuwa jambo gumu kuliko hilo.

Na kwako mwanajumuiya mwenzangu unayesoma haya Jumapili baada ya misa: mkutano ujao ulizeni parokiani ni watoto wangapi wa nyumba hizi wana ndugu hapa Huruma, Mathare na Kariobangi. Anzeni kuwatafuta hao ndugu sasa. Wengine wanaishi kwenye ploti yako.